Kuchagua Rimu Kubwa na Matairi ya Mzigo kwa Pikapu: Mwongozo kwa Wenye Pikapu za Kazi Nairobi

Tairi langu la nyuma lilipasuka nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi, alfajiri, pikapu imejaa magunia ya viazi kutoka upande wa Narok. Halikuwa tairi kuukuu. Lilikuwa na miezi minne tu, meno yake bado marefu, tena lilikuwa pana na limejaza madigadi vizuri. Aliyeniuzia alikuwa ameniambia, "Mzee, hili ni kubwa kuliko lililokuja na gari. Litabeba chochote." Nilimwamini, maana macho yangu yalikuwa yamekwisha kulipenda.

Fundi wa pancha aliyenisaidia kule juu alilitoa tairi kwenye rimu, akalipanua kwa mikono miwili na kuniambia, "Weka mkono hapa ndani." Vidole vyangu vilitoka vyeusi, vimepakaa unga laini kama masizi ya jiko la makaa. "Huo ni mpira uliosagika," akasema. "Tairi hili limekuwa likijikunja kila siku mpaka likachoka. Hapa hakuna msumari." Akachukua kitambaa chenye maji, akafuta ubavu wa tairi lililopasuka: 245/70R16 107S. Kisha akafuta ubavu wa spea yangu, lile tairi jembamba lililokuja na gari, ambalo nilikuwa nikilidharau: 205R16C 110/108. "Sasa soma mwenyewe," akaniambia, "lipi lina nguvu?"

Lile jembamba ndilo lenye nguvu. Wenzangu wengi wa pikapu hapa Nairobi hawalijui jambo hili, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Upana wa tairi na ukubwa wa rimu havikuambii linabeba kilo ngapi. Linachobeba kimeandikwa kwa namba ndogo ubavuni, na kinategemea ganda la tairi na upepo uliomo. Ukitaka magurudumu makubwa, hakuna ubaya. Mimi pia niliyataka, na sasa ninayo. Ila fuata mpangilio huu kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 1: Soma tairi lililokuja na gari, kisha usome kibao

Chukua maandishi ya spea yangu. 205 ni upana wa tairi kwa milimita. R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na karibu matairi yote ya siku hizi ni ya aina hiyo. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi C inayofuata maana yake ni tairi la gari la biashara. Tairi likiwa na namba nyingine katikati, kama 70 kwenye 245/70R16, hiyo ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya upana. Lisipokuwa nayo, hesabu kama asilimia 80 hivi.

Zinazofuata ndizo namba za uzito. 110 haina maana ya kilo 110. Ni namba ya jedwali linalotumika dunia nzima, na hapo inasimamia kilo 1,060 kwa tairi moja. 108 ya pili ni pale matairi yanapofungwa mawili mawili upande mmoja kama kwenye lori, na kila moja linahesabiwa kilo 1,000. Kwa pikapu yenye tairi moja kila upande, tunatumia ile ya kwanza.

Andika namba hizi kwenye simu yako, maana muuzaji hatakusomea: 104 ni kilo 900, 106 ni 950, 107 ni 975, 108 ni 1,000, 110 ni 1,060, 112 ni 1,120, 113 ni 1,150, 115 ni 1,215, 118 ni 1,320, 121 ni 1,450. Herufi ya mwisho ni ya kasi: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180, T ni 190. Kwa pikapu ya kazi hilo la kasi lisikusumbue sana, bora usishuke chini ya herufi aliyoweka mtengenezaji wa gari.

Kisha fungua mlango wa dereva na utafute kibao kwenye nguzo ya mlango, au ndani ya boneti kwa baadhi ya magari. Unatafuta uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo, na uzito unaoruhusiwa kwa kila ekseli. Ekseli ya nyuma ndiyo yenye neno hapa. Kibao kikiwa kimepakwa rangi au kimeng'olewa, nenda na namba ya chesisi kwa muuzaji rasmi wa aina yako ya gari akuangalizie. Uzito uliopakwa rangi mlangoni hautoshi, kwa sababu unakuambia gari zima lina kilo ngapi likiwa tupu, haukuambii ekseli ya nyuma inaruhusiwa kilo ngapi.

Hatua ya 2: Pima gari likiwa na mzigo wako wa kawaida

Watu wengi huruka hapa, na mimi niliruka kwa miaka. Nilikuwa nikijiambia, magunia 20 ya kilo 50, basi ni tani moja. Lakini kila anayebeba viazi anajua lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi mpaka likafungwa kwa nyavu juu. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, na gunia lenye kilemba cha nyavu juu bado linaendelea kupakiwa. Saruji angalau haidanganyi, mfuko ni kilo 50. Mchanga na mawe yakiwa na maji ya mvua, usikisie.

Tafuta mizani ya magari. Viwanda na maghala mengi ya Industrial Area na barabara ya Mombasa yana mizani, na ukiomba kwa adabu saa ambazo hakuna foleni utapimiwa kwa ada ndogo. Pima mara mbili: gari zima, kisha magurudumu ya nyuma peke yake yakiwa juu ya mizani na ya mbele yakiwa nje. Andika zote mbili.

Kibao cha pikapu yangu kinaruhusu ekseli ya nyuma kilo 1,870. Siku niliyopima na ule mzigo niliokuwa nikiuita tani moja, mizani ilisoma 2,040. Niliona aibu. Na hapa niseme waziwazi: tairi lenye nguvu zaidi haliongezi ruhusa ya ekseli. Springi, beringi, breki na chesisi ni zilezile. Tairi zuri linakupa nafasi ya kupumua ndani ya ruhusa uliyonayo, halikupi ruhusa mpya. Baada ya siku ile nilipunguza magunia, na nikaacha kupanga mengi nyuma ya ekseli.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya namba unayohitaji

Chukua ruhusa ya ekseli ya nyuma, ugawe kwa mbili. Yangu: 1,870 kwa mbili ni kilo 935 kwa kila tairi. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Lakini mzigo haukai sawa. Kwenye kona za Mai Mahiu gari huinama na upande mmoja ukabeba zaidi, na kwenye matuta ya Kangundo Road tairi hupigwa kwa nguvu kuliko uzito uliopimwa gari likiwa limesimama. Mimi huongeza sehemu moja ya tano. 935 ikiongezwa hivyo inakuwa kama kilo 1,120, kwa hiyo natafuta tairi la namba 112 au 113 kwenda juu.

Kuna kona moja ya hesabu hii ambayo ndiyo iliyoniangusha. Matairi ya kawaida ya magari madogo na ya familia, yaani yale yasiyo na C wala LT, yalitengenezwa kwa gari lisilobeba sana na lisilogongwa sana. Marekani sheria yao inasema tairi la aina hiyo likifungwa kwenye pikapu, uwezo wake ugawanywe kwa 1.1. Ni kanuni ya busara na mimi naifuata hapa. Sasa rudi kwenye tairi langu lililopasuka. 107 ni kilo 975. Gawa kwa 1.1, unabaki na kilo 886. Hata kama ningebeba sawasawa na kibao, lingekuwa limezidiwa kwa kilo 49. Na siku ile, kwa mzigo wa lumbesa, kila tairi la nyuma lilikuwa limebeba kilo 1,020. Spea yangu nyembamba ya kilo 1,060, ikiwa na upepo kamili, ingefika Nairobi.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa tairi ambalo vijana wengi wanalipenda, 265/70R16 112S. Linaonekana kama la jeshi. 112 ni kilo 1,120, lakini halina C wala LT, kwa hiyo gawa: kilo 1,018. Pana kwa milimita 60 kuliko 205R16C, na linabeba kilo 42 pungufu.

Hatua ya 4: Zijue herufi mbili zinazochanganya watu

C iliyo mwishoni mwa ukubwa, kama 205R16C au 195R14C, ni tairi la biashara. LT iliyo mwanzoni, kama LT225/75R16, ni tairi la malori mepesi kwa mtindo wa Marekani. Yote mawili yana ganda gumu na yanakubali upepo mwingi, na huyagawi kwa 1.1.

Tatizo ni kwamba matairi ya LT yana pia daraja la mzigo linaloandikwa kwa herufi C, D au E. C hiyo siyo C ile. Daraja C ni sawa na plai 6 na hufikia PSI 50 (PSI ndicho kipimo cha upepo wa tairi), D ni plai 8 na PSI 65, E ni plai 10 na PSI 80. Nimemsikia muuzaji akimwambia mama mmoja wa soko la Wakulima kwamba LT ya daraja C "ni ya commercial, C ndiyo hiyo." Si kweli. Kwa mzigo mzito wa kila siku, LT ya daraja C ndiyo dhaifu kuliko zote tatu. Na plai 8 au 10 siku hizi si idadi ya tabaka ukilikata tairi, ni kipimo cha nguvu tu kilichobaki kutoka zamani. Usibishane na mtu kuhusu tabaka. Soma namba ya uzito.

XL, ambayo pia utaikuta, ni tairi la kawaida lililoongezewa nguvu kidogo. Bado ligawanye kwa 1.1.

Hatua ya 5: Chagua urefu wa gurudumu zima, siyo wa rimu

Hesabu ni rahisi. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa mbili, ongeza inchi za rimu mara 25.4. Kwa 265/65R17: 265 mara 0.65 ni 172, mara mbili ni 344.5, ongeza 431.8, unapata kama milimita 776. Sasa fanya 265/70R16: unapata 777. Fanya 265/60R18: unapata 775.

Magurudumu matatu, rimu tatu tofauti, kimo kimoja. Kilichobadilika ni mpira uliobaki kati ya rimu na barabara. Kwenye rimu ya 16 ubavu una milimita 185. Kwenye 17 una 172. Kwenye 18 una 159. Rimu kubwa haikuinulii gari hata kidogo kama kimo cha gurudumu ni kilekile, inakula mpira tu. Na mpira ndio unaokuokoa ukiingia shimo la Jogoo Road usiku wa mvua, lile lililofunikwa maji usilione. Kwa pikapu ya kazi sioni sababu ya kupita rimu ya 17, isipokuwa breki za gari lako ni kubwa na zinadai zaidi. Wanaotaka 18 na 20 wafunge kwenye gari la kwenda kanisani.

Kuhusu kimo, jiwekee mpaka wa asilimia 3 juu ya lile la kiwandani. Ukivuka hapo mambo huanza kukugharimu. 205R16C lina kama milimita 734. Ukifunga 265/70R16 la 777, gurudumu limekua kwa karibu asilimia 6. Spidomita ikisoma 80, gari linakwenda karibu 85, na nyuma una kibandiko cha kasi ya mwisho ya 80 ambacho polisi mwenye kamera anakisoma vizuri kuliko wewe. Odomita nayo itahesabu kilomita pungufu, kwa hiyo utachelewa kumwaga oili bila kujua. Gia zinakuwa ndefu: kilima ulichokuwa ukikipanda kwa gia ya tatu sasa utarudi ya pili, na klachi ndiyo inayolipa. Breki pia zinafanya kazi zaidi, kwa sababu gurudumu refu na zito ni gumu kulisimamisha, na ukishuka Mai Mahiu na mzigo hutaki breki zako ziwe na kazi ya ziada.

Kisha kuna kugusa. Gari likiwa tupu gereji, gurudumu kubwa linazunguka vizuri na kila mtu anapiga makofi. Lipakie, kata usukani mpaka mwisho, pandisha gurudumu moja la mbele kwenye ukingo wa lami. Likigusa madigadi au chesisi hapo, litagusa barabarani, na tairi litakatwa polepole mahali ambapo hutazami.

Mimi nilimalizia kwa LT225/75R16 115/112, daraja E. Kimo chake ni milimita 744, asilimia 1.3 tu juu ya lile la kiwandani. Halitingishi shingo za watu barabarani. Linabeba kilo 1,215.

Hatua ya 6: Rimu

Kila tairi lina kiasi cha upana wa rimu linachokubali. 245/70R16 linataka rimu ya inchi 6.5 hadi 8. 265/70R16 linataka 7 hadi 9. Rimu nyingi za chuma zilizokuja na pikapu za kazi ni inchi 6. Kwa hiyo ukisikia "tunafunga tu kwenye rimu yako, hakuna shida," shida ipo: tairi linabanwa miguu, tumbo linavimba katikati, linakwisha katikati na kuyumba likiwa na mzigo. LT225/75R16 linakubali rimu ya 6 hadi 7, ndiyo maana sikununua rimu mpya kabisa, nikahifadhi pesa.

Kama unanunua rimu, beba tepu ya kupimia na tochi ya simu. Geuza rimu uso chini, utazame mgongo wake.

Kwanza, uzito. Rimu pia ina uwezo wake, na wengi hawajui. Tafuta maandishi ya uzito wa juu yaliyochorwa mgongoni kwa kilo au kwa ratili. Rimu za Kijapani zina alama: JWL ni ya magari ya abiria, JWL-T ni ya malori na mabasi. Kwa pikapu ya mzigo unataka hiyo yenye T. Rimu ya kung'aa isiyo na alama yoyote ya uzito, irudishe ilipokuwa. Tairi la kilo 1,215 kwenye rimu ya kilo 800 ni gurudumu la kilo 800.

Pili, boliti na tundu la katikati. Hilux ya boliti sita, D-Max, Ranger na L200 zote zina boliti sita kwenye duara la milimita 139.7, na ndiyo sababu utaambiwa "zinaingiliana." Boliti zinaingiliana, tundu haliingiliani. Habu ya Hilux ina kama milimita 106, ya D-Max 100, ya Ranger 93, ya L200 67. Rimu ya L200 haitapita kwenye habu ya Hilux hata ukiipiga nyundo. Rimu ya Hilux kwenye L200 itapita, lakini itaning'inia kwenye boliti peke yake bila kuegemea habu, na utaanza kusikia mtetemo ambao hakuna balansi itakayouondoa. Zipo pete za kujaza nafasi hiyo, zitumie za chuma. Navara ndiyo tofauti zaidi: boliti sita lakini duara la 114.3.

Tatu, ofseti, yaani rimu imeingia ndani au imetoka nje kiasi gani ikilinganishwa na uso wa habu. Imeandikwa ET na namba ya milimita. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Wanaopenda gurudumu lichomoze nje ya bodi wanaliondoa mahali ambapo beringi ilipangiwa kubeba, na beringi itakwisha mapema. Kaa karibu na ET ya kiwandani. Vile vipande vya kuongezea kati ya rimu na habu kwa gari la mzigo, mimi sivitaki kabisa.

Nne, nati. Hapa tuwe makini, maana nimeona gurudumu likiondoka Thika Road. Rimu nyingi za chuma zinatumia nati yenye mdomo wa mviringo ulioinama, na rimu nyingi za aloi za Toyota zinatumia nati yenye wosha bapa. Ukihamisha nati za chuma kwenda rimu ya aloi iliyotaka wosha, nati inakaza kwenye ukingo mwembamba, unahisi imekaza, kumbe haijakaa. Nunua nati zinazoendana na rimu, siku hiyohiyo, dukani hapohapo.

Hatua ya 7: Meno

Hapa sitakaa sana. Kwa mtu wa lami muda wote, meno ya barabara, yaani H/T, yanatosha na yanakula mafuta kidogo. Kwa anayeingia Kamulu, Joska au Kitengela wakati wa mvua, ule udongo mweusi unaonata unajaza meno madogo kwa hatua tatu, kwa hiyo chukua A/T, yaani meno ya lami na ya udongo pia. Meno makubwa ya matope, M/T, yanapiga kelele lamini na yanateleza kwenye lami yenye maji. Yaache kwa wanaoishi matopeni.

Hatua ya 8: Dukani

Zamani tulikuwa na matairi ya Yana kutoka kiwanda cha hapahapa Nairobi, na mafundi walikuwa wakiyajua kwa kuyagusa. Kiwanda kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016. Sasa Kirinyaga Road na Industrial Area unakutana na majina ishirini kutoka nchi nyingi, mengine hujawahi kuyasikia. Usichague kwa jina peke yake. Soma ubavu.

Tafuta tarehe. Baada ya herufi DOT kuna namba nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2323 ni wiki ya 23 ya 2023. Wakati mwingine ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo ligeuze. Lililozidi miaka mitatu dukani silinunui, hasa kama limekaa nje juani. Na hakikisha mawili ya ekseli moja ni pacha: jina, ukubwa, meno, na tarehe zinazokaribiana.

Matairi ya mtumba kutoka Japani yanaweza kukufaa mbele kama pesa haijafika, ukiyachunguza ndani na nje. Nyuma, kwenye mzigo, hapana. Na ujihadhari na yaliyochongwa, yaani tairi lililokwisha ambalo mtu amelikata mifereji mipya kwa kisu cha moto. Lisugue na kidole ndani ya mfereji: mfereji wa kiwandani una sakafu laini na vinundu vidogo vya kuonyesha kiasi cha meno yaliyobaki. Uliochongwa una sakafu yenye mikwaruzo, na mara nyingine unaona nyuzi.

Hatua ya 9: Kufunga

Mwambie fundi abadilishe valvu. Valvu ya kawaida ya mpira imetengenezwa kwa upepo usiozidi PSI 65. Ukifunga tairi la daraja E na kulijaza 80 kwa valvu hiyo, umeweka kifuniko cha plastiki kwenye sufuria ya presha. Taka valvu ya chuma inayokazwa kwa nati, au ya mpira iliyoandikwa kwamba ni ya upepo mwingi.

Nati zikazwe kwa kufuata nyota, siyo kwa kuzunguka, na mwisho zikazwe kwa spana yenye kipimo kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Bunduki ya upepo peke yake haijui kipimo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, zikaze tena. Usisahau: rimu mpya hukaa vizuri baada ya kutembea kidogo, na nati hulegea.

Balansi magurudumu yote manne, kisha alaimenti. Halafu spea. Gurudumu jipya liingie pale chini ya bodi ambapo spea hukaa, na lisiguse bomba la moshi. Kama halipiti, afadhali ujue mapema kuliko kujua Mai Mahiu usiku. Kama pikapu yako ni ya biashara, utaipeleka kukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kila mwaka pia, na gurudumu linalochomoza nje ya bodi si zawadi kwa mkaguzi. Bima yako nayo ijulishwe kwa maandishi kwamba umebadilisha ukubwa.

Hatua ya 10: Upepo

Namba ya kilo iliyo ubavuni ni ahadi yenye sharti: upepo ujae. Tairi la kilo 1,215 likiwa na upepo nusu si tairi la kilo 1,215. Kwa LT225/75R16 jedwali linasema hivi: PSI 50 linabeba kama kilo 880, PSI 65 kilo 1,060, PSI 80 kilo 1,215. Kwa hiyo aliyezoea kujaza 35 nyuma kwa sababu "ndivyo tulivyojaza siku zote," akifunga LT na kubaki na 35, amenunua nguvu na kuiacha dukani. Kila ukubwa una jedwali lake, muulize muuzaji au ulitafute kwa jina la tairi.

Mimi nikiwa na mzigo kamili najaza nyuma 80. Nikirudi tupu kutoka Wakulima kwenda nyumbani kwa safari fupi, siteremshi. Nikijua nitakaa siku mbili au tatu bila mzigo, nashusha nyuma mpaka 45, kwa sababu tairi gumu kwenye pikapu tupu linarukaruka kwenye matuta na linashika vibaya kwenye mvua. Mbele hukaa 45 wakati wote.

Pima likiwa baridi, kabla hujatembea. Likisha kukimbia, upepo hupanda wenyewe kwa joto, na ukiupunguza hapo umejidanganya. Nunua kipimo chako mwenyewe, maana vile vya kwenye mipira ya vituo vya mafuta vimeangushwa chini mara nyingi mno, na kompresa nyingine zinachoka kabla ya 65. Changu kinakaa kwenye mfuko wa mlango wa dereva. Jumatatu na Alhamisi, kabla ya kuwasha injini, nazunguka gari nikianzia gurudumu la mbele kushoto, namaliza kwa lile la tano chini ya bodi, lile jembamba la 205R16C 110/108.